JE, NCHI ILIYOUNGANA YAWEZA KUJITOA?

(Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya wanachama wa tawi)



Swali hili naulizwa kila niendako: sisi tuhubirio umoja, je, twakubali kwamba nchi iliyoingia katika muungano yaweza kujitoa? Wako wasemao ndiyo, wako wasemao huo ni uhaini. Mimi nasema, kwanza tuulize ni nani atakaye kutoka.

Tutazame Katanga. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Wananchi hawakupigishwa kura. Askari wa Kibelgiji walimlinda, na kodi ya kampuni ya shaba, Union Minière, ikaingia katika hazina yake. Waluba wa kaskazini walimpinga kwa silaha. Hakuna dola hata moja iliyoitambua nchi hiyo, na Januari 1963 ikafikia mwisho. Ile haikuwa haki ya watu. Ilikuwa haki ya mgodi.

Sasa tutazame Eritrea. Mwaka 1952 iliunganishwa na Ethiopia kwa azimio la Umoja wa Mataifa, kwa sharti kwamba itakuwa na Baraza lake na madaraka yake. Mwaka 1962 Mfalme Haile Selassie akalifuta shirikisho lile. Watu walipigana miaka 30, na Aprili 1993 wakapiga kura. Zaidi ya 99 kwa mia wakataka kujitawala. Hapa aliyevunja umoja si aliyetoka, bali ni yule aliyevunja mapatano.

Mkulima wa ushirika akidhulumiwa ana haki ya kujitoa. Lakini haki hiyo ni yake, si ya mchuuzi anayeitamani kahawa yake.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kutoka peke yake si uhuru. Tangu kura ile ya 1993, Waeritrea hawajapata uchaguzi wa taifa zima.

Basi jibu langu ni hili: haki ipo, na mwenyewe ni wananchi, kwa kura yao wazi. Katiba ya Ethiopia ya 1995, kifungu cha 39, imeiandika haki hiyo. Nasi tupendao umoja tusiulinde kwa bunduki. Tuulinde kwa kutimiza ahadi, ili mlango uwe wazi na asiwepo wa kutaka kuupita.