Kiingereza na Kuandika Insha: Maneno kwa Vijana wa Sekondari na Wazee Wao

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo linaloulizwa kila mwaka katika nyumba za Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu na Rombo, mwezi wa Septemba, mtoto akiisha kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Baba huuliza, "Mwanetu ataingia sekondari mwezi wa Januari. Je, Kiingereza atakipata wapi?" Na mama, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kushika fedha za ndizi na maziwa, huuliza swali la pili lililo zito zaidi: "Na fedha tutakazotoa, zitatufaa?" Sisi tulio katika kazi ya kufundisha waalimu tumeyasikia maswali haya mara nyingi, nasi twaona yafaa kuyajibu waziwazi.

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Mtoto wa Kilimanjaro hujifunza lugha tatu. Nyumbani kihambani husema lugha ya wazee wake, Kimachame, au Kivunjo, au Kirombo. Katika shule za msingi za serikali, zilizo nyingi kuliko nyingine, hufundishwa kwa Kiswahili. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule hizo baada ya mwaka 1967. Kisha aingiapo Kidato cha Kwanza, jiografia, biolojia na hesabu zote humjia kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kujibu maswali hujiona amekuwa bubu. Hakupoteza akili, ila amepoteza maneno.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walilichunguza katika shule za Tanzania, wakaona ya kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo yao. Toka mwaka 1987 ukaanzishwa mpango wa kuwapa wanafunzi vitabu vyepesi vya hadithi, vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, ili wasome vingi na kwa furaha. Miaka mingi imepita, bali shida haijaondoka. Na dalili yake ni hii: mtoto hunakili ubao. Daftari lake ni safi, mwandiko wake wapendeza, na baba alitazamapo hufurahi. Lakini mwulize maana ya mstari mmoja tu, naye atainama chini.

Hebu tuwasimulie jambo tulilolishuhudia wenyewe. Mwaka mmoja tulikwenda na wanafunzi wetu wa ualimu katika shule moja ya mlimani kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasa likapewa kazi: kila mmoja amwandikie rafiki yake aliye mkoa mwingine, amweleze kwa Kiingereza jinsi maji ya mfongo yanavyogawanywa kijijini kwao. Kijana mmoja akaleta barua nzuri sana, isiyo na kosa. Lakini ilikuwa barua ya kumwalika mjomba arusini! Tukamwuliza, "Mfongo uko wapi?" Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, barua niliyofundishwa tuisheni ni hiyo." Baadaye tulipata habari kwamba mama yake aliuza mbuzi ili kulipia mafundisho hayo. Mbuzi mzima alikwenda, ikarudi barua moja ya kukariri.

Basi tukamwambia yule kijana atueleze habari za mfongo kwa Kiswahili. Lo! Alisema bila kusita. Alitueleza maji yatokavyo mtoni huko juu karibu na msitu, jinsi kila ukoo unavyopata zamu yake, nani huwaita watu kwenda kuzibua mfereji, na ugomvi unaozuka mtu akifungulia maji usiku pasipo zamu. Tukampa karatasi, akaandika sentensi nane fupi za Kiingereza. Makosa yalikuwa mengi, lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe. Tukayasahihisha pamoja naye, akaandika tena. Na mara ya tatu barua ile ikasomwa mbele ya darasa. Siku ile hakujifunza barua, alijifunza kuandika.

Sasa turudie swali la baba: Kiingereza kitapatikana wapi? Mahali pa kwanza ni shuleni kwenyewe, wala hapalipiwi zaidi. Shule nyingi hutumia majuma ya mwanzo ya Kidato cha Kwanza kuwazoeza watoto Kiingereza kabla ya kuanza masomo mengine. Majuma hayo yasidharauliwe, wala mtoto asicheleweshwe nyumbani kwa sababu ya sare au godoro; atakaporipoti mwezi wa pili, atawakuta wenzake wamekwisha vuka mto. Kadhalika ziko shule zenye chama cha mdahalo. Kijana aingie, hata kama mwanzoni atasimama na kusema sentensi moja tu. Kuchekwa siku moja si kitu. Kunyamaza miaka minne ndiyo hasara.

Mahali pa pili ni maktaba. Mjini Moshi iko maktaba ya mkoa, nayo ni sehemu ya Huduma za Maktaba za taifa. Ajapo mjini kwa shughuli za sokoni, mzazi aweza kumwacha kijana humo kwa saa mbili badala ya kumwacha azurure stendi. Achukue kitabu chepesi, si kizito. Kitabu ambacho kila ukurasa una maneno kumi asiyoyajua kitamchosha. Chenye mawili au matatu kitamfundisha.

Mahali pa tatu ni madarasa ya kulipia: ya matayarisho, kati ya Septemba na Januari, na ya tuisheni wakati wa likizo. Hatusemi ni mabaya. Wako waalimu wema wanaofundisha humo kwa bidii. Lakini kabla ya kutoa fedha, mzazi aulize mambo matatu. Maana kuuliza si ujinga. Kwanza, watoto ni wangapi katika chumba? Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha insha za watoto mia. Pili, je, kila juma mtoto ataandika maneno yake mwenyewe, au atapewa majibu ya kukariri? Tatu, je, mwalimu husahihisha na kumrudishia mtoto aandike tena? Baada ya majuma mawili, mzazi alifunue daftari. Hata kama hajui Kiingereza, ataona alama za kalamu ya mwalimu. Daftari lisilo na alama hata moja ni shamba lisilopaliliwa.

Tena mwanafunzi na ajue mapema mahali Kiingereza kinapomtega mtu wa Kiswahili. Sisi twasema "nyumba kubwa". Mwingereza hutanguliza ukubwa, kisha nyumba. Sisi twasema "yeye" kwa mume na kwa mke. Yeye ana neno la mume na neno la mke, nasi tukisahau, shangazi hugeuka mjomba. Sisi twaandika kama tusemavyo. Mwingereza huandika herufi nyingine asizozitamka kabisa. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza hayajulikani kwa sikio peke yake; lazima mkono nao uyazoee. Ndiyo maana twasema kuandika ni nguzo ya kujifunza lugha hiyo.

Na faida yake si ya mtihani tu. Wazee wetu walilijua jambo hili. Walipoanzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na kilipofuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, walihitaji watu wa kuandika barua, kutunza hesabu na kusoma mapatano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata leo mnada wa kahawa hapa Moshi huwahusu wanunuzi wa nchi za mbali. Na kijana apandaye mlima na wageni, au atakaye kazi hospitalini au katika hoteli, huulizwa kwanza barua yake ya maombi. Barua hiyo humtangulia mlangoni, nayo husema yeye ni mtu wa namna gani kabla uso wake haujaonekana.

Zaidi ya hayo, yako mashindano ya insha kwa vijana wa sekondari. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, imekuwa ikiyafanya kwa shule za nchi zake. Na yako mashindano ya nchi za Jumuiya ya Madola, yaliyoanza zamani sana, mwaka 1883. Mwanafunzi amwulize mwalimu wake habari za tarehe na masharti. Huenda asishinde, lakini mtu aliyeandika insha mara nne ili kuipeleka kwa wageni amekwisha pata zawadi yake.

Neno moja la mwisho. Pasiwe na kijana atakayedhani kwamba kujua Kiingereza ni kukidharau Kiswahili, au lugha ya bibi yake. Mwalimu Julius Nyerere alikijua Kiingereza barabara, akasoma hata Edinburgh. Na elimu hiyo akaitumia kufasiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na hapa kwetu Petro Itosi Marealle alitoa mwaka 1947 kitabu chake cha Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga, akihifadhi mambo ambayo yangalipotea pamoja na wazee. Ajuaye kuandika vema katika lugha moja, amekwisha pata nusu ya njia ya kuandika katika nyingine.

Basi, kijana, nunua daftari moja. Kila Jumamosi jioni, ukiisha kukata majani ya ng'ombe, andika nusu ukurasa kwa Kiingereza juu ya jambo uliloliona kwa macho yako: mfongo, soko la Mwika, mvua ya masika, ndama aliyezaliwa. Jumatatu mpelekee mwalimu. Rudia alipokosoa. Haba na haba hujaza kibaba. Na mwaka ukiisha utakuwa na kurasa ishirini na zaidi, ambazo hapana mtu aliyekuandikia.

Nanyi wazazi, msiulize tu, "Umepata ngapi?" Ulizeni, "Umeandika nini?" Kisha mwambieni awasomee, na awaelezee maana yake kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kuwaelezea, jueni fedha zenu hazikupotea.