Maji Moto na Vichanganyio vya Dawa



Nimeombwa niseme machache juu ya dawa za mikorosho. Sumu yenyewe sitaigusa sana, maana jina lake limeandikwa kwenye chupa. Nataka kusema juu ya kile kisichoandikwa.

Dawa nyingi za maji zina sumu, na pamoja nayo vichanganyio vya kuiyeyusha, kuitandaza na kuigandisha jani. Vichanganyio hivyo huitwa vitu visivyo na kazi, na jina hilo lapotosha. Mdudu hana mapafu. Huvuta pumzi kwa vitundu vilivyo ubavuni, na ngozi yake ina nta inayokataa maji. Tone la mvua huteleza likaanguka. Lakini maji yaliyotiwa kitandazaji hushikamana na ngozi ile, yakatambaa mpaka vitunduni na kuingia. Mdudu mwenye ngozi laini aweza kufa kwa maji hayo pasipo sumu yoyote. Ndiyo sababu maji ya sabuni huua vidukari. Kipo pia kichanganyio kiitwacho piperonili butoksaidi, ambacho hutiwa pamoja na pareto ili mwili wa mdudu ushindwe kuivunja sumu. Nacho hakiulizi kama mdudu huyo ni mwizi au mlinzi.

Mlinzi wetu ni maji moto. Najua wachumaji hawampendi, nami siwalaumu, kwani kuumwa naye si mchezo. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Unguja, mtaalamu Mwingereza M. J. Way alichunguza jinsi maji moto wanavyoilinda minazi na mbu wa minazi, yule aangushaye nazi changa. Adui huyo huyo huishambulia mikorosho, akisaidiwa na mbu wa mikorosho, na maji moto huwawinda wote wawili. Tena wapo sisimizi wa ardhini wenye vichwa vikubwa, ambao hupigana na maji moto na kuwanyang'anya miti. Basi anayewadhoofisha maji moto kwa bomba lake huwapa nafasi maadui wa pande zote mbili.

Ubwiriunga hauna budi kupigwa dawa. Hapo sina ubishi. Ila mti uliojaa viota vya maji moto usipigwe dawa ya wadudu, na dawa ya ubwiriunga ipigwe peke yake. Wala mtu asiongeze sabuni ya unga kwa kukisia, eti dawa ishike.

Na kamati yetu ya ununuzi, kabla ya kutia sahihi, imtake muuzaji ataje vichanganyio vyote kwa maandishi. Atasema ni siri ya biashara. Lakini mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kichanganyio kimoja cha jamii ya sabuni katika dawa za magugu zenye glaifoseti, ilhali glaifoseti yenyewe iliendelea kuruhusiwa. Kumbe vitu hivi huweza kujulikana, na kukataliwa. Naomba Halmashauri iliingize sharti hili katika zabuni kabla ya msimu wa kupiga dawa.