Dawa Inayofikishwa Penye Ugonjwa
Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Itumba



Mkulima wa mahindi mwenye mbolea kidogo haimwagi shamba zima. Huipima kwa kisoda na kuiweka karibu na shina, palipo na mizizi. Dawa nyingi hazina utaratibu huo. Zikishamezwa au kuchomwa sindano, husambaa mwilini kote na kugusa palipo na ugonjwa na pasipo nao. Ndiyo maana baadhi ya dawa za saratani humnyonyoa mgonjwa nywele, ilhali uvimbe uko mahali pamoja tu.

Kwa miaka mingi wataalamu wametafuta kisoda cha dawa. Wametengeneza chembe ndogo mno zipimwazo kwa nanomita. Unene wa unywele mmoja ni takriban nanomita 80,000, na chembe nyingi kati ya hizo hazifiki 200. Baadhi zina oksidi ya chuma: huweza kuvutwa na sumaku iliyo nje ya mwili, na nguvu ya sumaku ikigeuzwageuzwa kwa kasi, hupata joto. Nyingine ni vifuko vya mafuta vinavyoshikilia dawa katika joto la kawaida la mwili, nyuzi 37, na kuiachia joto linapozidi nyuzi 40 hivi.

Kazi hiyo haijakamilika. Mwaka 2010 Ulaya iliruhusu uvimbe wa ubongo upashwe joto kwa chembe za chuma, lakini chembe hizo hazibebi dawa. Jaribio kubwa la vifuko vya joto kwa wagonjwa wa saratani ya ini, lililohusisha watu zaidi ya 500, halikuonesha kwamba vinarefusha maisha. Basi, bangili ya sumaku inayouzwa mnadani kwa madai ya kuponya saratani haitokani na utafiti huo, wala haibadili hali ya uvimbe.

Hata hivyo, vifuko vya mafuta visivyohitaji sumaku wala joto vimekwisha kuokoa maisha, na ushahidi umetoka ng'ambo ya Mto Songwe. Malawi, Uganda na nchi nyingine tatu za Afrika zilishiriki jaribio la kutibu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, ambayo huwashambulia hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Wagonjwa 844 walihusishwa. Dripu moja ya amfoterisini B iliyofungwa katika vifuko hivyo, pamoja na vidonge vya siku 14, ilifanya kazi sawa na dripu za kila siku kwa juma zima, tena kwa madhara machache zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo.

Lakini hata kwa tiba hiyo, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alifariki ndani ya majuma 10. Wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo, mwenye VVU anayeumwa kichwa kwa siku nyingi, mwenye homa, shingo ngumu, kutoona vizuri au kuchanganyikiwa, afikishwe kituo cha huduma siku hiyo hiyo. Kipimo cha fangasi huyo huhitaji damu kidogo tu. Aliyeacha dawa za VVU arudi kliniki, atapokelewa.

Vifuko huifikisha dawa penye ugonjwa. Kumfikisha mgonjwa penye dawa ni kazi ya jamaa na majirani.