Picha za Mars ziko wazi kwa kila mtu. Na za Maniema je?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, wanafunzi na wazazi, Kindu



Tuliwaita kuongea juu ya madini, pori na mto wetu. Lakini nitaanza mbali sana, kwenye sayari ya Mars. Najua kuko mwenye kujiuliza moyoni: umeme haututoshi, barabara zinakatika kila mvua, halafu hawa vijana wanatuletea habari za nyota? Vumilieni kidogo, tutarudi Kindu sasa hivi.

Tangu mwaka 2006, kuko chombo cha Marekani kinachozunguka Mars. Jina lake ni Mars Reconnaissance Orbiter. Kinapita karibu kilometa 300 juu ya udongo wa ile sayari. Ndani yake kuko kamera inaitwa HiRISE, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona. Ile kamera ina macho makali: nukta moja ya picha yake ni sentimita 25 mpaka 30 tu za udongo. Kama kungekuwa meza kule Mars, ingeonekana.

Sasa sikieni vizuri. Zile picha haziwekwi kwenye kabati la mkubwa. Zinawekwa kwenye intaneti, mtu yeyote anazichukua, halipi hata franka moja, haombi barua ya mtu. Wenyewe wanaiita kamera ya watu. Na tangu 2010 waliweka hata mlango wa maombi, unaitwa HiWish. Mwanafunzi wa Alunguli anaweza kuingia pale, akachagua pahali pamoja kwenye Mars, akaeleza juu ya nini anataka paonekane, na ombi lake likaingia kwenye mstari pamoja na maombi ya maprofesa.

Tena si hiyo peke yake. Kile chombo kina kamera nyingine, CTX, isiyo na ukali sana lakini inayoona eneo kubwa. Mwaka 2023, wataalamu wa chuo cha Caltech waliunganisha picha zake, wakatengeneza ramani moja ya karibu Mars nzima, kwa ukali wa metre 5. Waliitoa bure kwa dunia yote.

Juu ya nini walifanya vile? Si juu ya huruma. Ni juu ya kanuni. Ile kazi ililipwa na kodi ya raia wa Marekani. Na kule wanasema: kitu kilicholipwa na raia, raia akione. Data za safari za anga lazima ziingie kwenye hifadhi ya wazi, kila mtu azikute. Mwenye kulipa njo mwenye picha. Na wakaenda mbele zaidi, wakaacha hata sisi tusiolipa tuone.

Ule uwazi ulizaa nini? Nitatoa mifano mitatu.

Mwaka 1971, Warusi wa wakati ule wa Soviet walitua chombo Mars 3 kwenye ile sayari. Kilituma habari sekunde chache tu, kikanyamaza. Zaidi ya miaka 40 ilipita. Halafu kikundi cha Warusi wapenda anga, watu wa kujitolea, wakiongozwa na Vitaly Egorov, walianza kupekua picha za HiRISE, kipande kwa kipande. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba walipata vitu vinavyofanana sana na kile chombo na parashuti yake. Hawakuwa na kamera yao. Walikuwa na picha za wazi na uvumilivu.

Chombo cha Waingereza, Beagle 2, kilipotea siku ya Noeli 2003. Miaka 11 watu walikuwa wanabishana: kilipasuka? kilianguka vibaya? Mwaka 2015 picha za HiRISE zilionyesha kwamba kilitua kizima, kilishindwa tu kufungua mabawa yake yote ya jua. Picha ilimaliza maneno.

Na mwaka 2019, chombo cha India, Vikram, kilianguka kwenye Mwezi. Marekani walitoa picha za pale pahali. Kijana mmoja mhandisi wa Chennai, Shanmuga Subramanian, alikaa na kompyuta yake, akalinganisha picha ya mbele na picha ya nyuma, akaona doa dogo ambalo halikuwako mbele. Akaandika barua. Mwezi wa Desemba NASA yenyewe ilitangaza kwamba ni yeye aliyeona wa kwanza mabaki ya kile chombo.

Ndugu, fundisho ni hili: pale picha iko wazi, ukweli haungoji ruhusa ya mkubwa. Kijana na kompyuta anaweza kuona kitu ambacho ofisi kubwa haijaona.

Sasa tushuke Maniema.

Jimbo letu lina zaidi ya kilometa za mraba 130,000. Kuko satelaiti za Ulaya zinaitwa Sentinel-2. Zinapita juu yetu kila siku chache, na picha zake ni za bure kwa kila mtu duniani. Tunashukuru. Lakini ukali wake ni metre 10. Linganisheni: Mars, pahali ambapo hakuna anayelima muhogo wala anayevuka mto kwa mtumbwi kwenda sokoni, iko na ramani ya bure ya metre 5. Sisi tulio wazima, wenye watoto na mashamba, hizi Sentinel-2 zinatupa metre 10, tena mara nyingi ni mawingu tu.

Picha kali za Maniema ziko. Satelaiti za kampuni za biashara zinaona sentimita 30, sawa na HiRISE kule Mars. Lakini zile ni za kuuza. Kampuni ya madini inaweza kununua picha ya kilima chako. Wewe mwenye kilima, huna bei yake. Njo maana tunasema kuko aina mbili za macho juu ya hii inchi: macho ya wenye pesa, na macho ya raia.

Inchi yetu si mgeni kwa mambo ya anga. Katika miaka ya 1970, serkali ya Mobutu iliipa kampuni ya Ujerumani, OTRAG, eneo la karibu kilometa za mraba 100,000 kule Shaba, ijaribu roketi zake. Ni kama robo tatu ya Maniema. Roketi ya kwanza iliruka mwaka 1977. Mkataba ulikuwa kati ya kampuni na mamlaka. Raia wa kawaida alisikia mlio tu. Hatutaki tena kuwa watu wa kusikia mlio.

Mtaniuliza: picha itatusaidia nini? Inaleta unga? Nitajibu na sheria.

Kodi ya madini, ile tunaita redevansi, sheria ya 2018 iliigawa hivi: 50% serkali kuu, 25% jimbo, 15% sekta, usultani, komini ao mji ambamo madini yanachimbwa, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya pale, kampuni inayochimba inatakiwa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji.

Sasa fikirini. Ile 15% inafuata shimo. Shimo likiwa ndani ya sekta yenu, pesa ni ya sekta yenu. Likivuka mpaka, pesa inavuka nalo. Nani anajua shimo limefika wapi mwaka huu? Kule Kabambare, mgodi wa dhahabu wa Namoya, uliojengwa na kampuni Banro ya Canada, ni mashimo ya wazi, yanaonekana kutoka juu hata kwa metre 10. Pangi na Kalima yake, na Kailo, wamechimba kasiterite tangu wakati wa Wabelgiji. Chifu wa sekta asiye na picha wala ramani anadai haki yake kwa mdomo tu, mbele ya watu wenye makaratasi. Atashindaje?

Hivyo hivyo na pori. Hivyo hivyo na mito yetu, pale mashine za kuvuta mchanga, zile tunaita dragi, zinafanya kazi. Dragi yenyewe inaweza isionekane vizuri kwa metre 10. Lakini mafungu ya mchanga, ukingo uliobomoka na rangi ya maji iliyobadilika vinaonekana, na tarehe iko juu ya picha. Katiba yetu, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya habari. Kifungu cha 58 kinasema Wakongomani wote wana haki ya kufaidi mali ya inchi. Haki ya pili haitembei bila ya kwanza.

Kuko vitu vinavyopatikana leo, na hatuvitumii. Landsat ya Marekani inapiga picha za dunia tangu 1972. Zamani picha moja iliuzwa dola 600. Tangu 2008 ni bure, pamoja na za miaka ya nyuma. Ukitaka kujua pori la kijiji chenu lilikuwa namna gani mbele hujazaliwa, anzia pale. Satelaiti za Sentinel-1 zinatumia rada, kwa hiyo zinapenya mawingu na usiku, na hiyo inatufaa sisi watu wa mvua. Tovuti ya Global Forest Watch inatoa alama pale miti inakatwa, unaiona hata kwa simu.

Lakini tuseme ukweli wote: wazi kwa sheria si wazi kwa mfuko. Picha moja nzima inaweza kula mega za mwezi mzima. Mwanafunzi mwenye kununua mega kidogo kidogo, kila siku kwa franka alizopata, hawezi kuishusha. Kwa hiyo picha iko bure, njia ya kuifikia inalipiwa, na mwisho wake ni sawa na kufungiwa mlango.

Na tuseme pia hatari yake. Picha inaonyesha shimo, haionyeshi jina la mwenye kuchimba. Kijana asichukue picha leo, kesho akamtaja mtu kwenye WhatsApp kwamba ni mwizi. Tutaangalia picha, halafu tutaenda kwa miguu, tutauliza wenyeji, tutasoma makaratasi, njo tutasema. Na pale ambapo kuko watu waliokimbia vita, hatutatangaza wako wapi. Kuona ni kazi ya kulinda watu, si ya kuwauza.

Kwa hiyo, sisi vijana wananchi wa Maniema tunaomba haya, na tutayafuata mpaka mwisho:

1. Serkali ya jimbo itangaze kwa ramani, si kwa maneno tu, kila mgodi unaolipa redevansi uko kwenye sekta gani, na kila sekta ilipokea kiasi gani. Ramani ibandikwe pia kwenye ofisi ya sekta, kwa Kiswahili, juu ya wale wasio na simu.

2. Kila picha ya satelaiti ao ya droni inayolipwa na pesa ya raia, iwe ya kazi ya barabara, ya mipaka ao ya pori, iwekwe wazi baada ya kazi. Kampuni zinazochimba nazo zitoe picha za eneo lao kila mwaka kwa wenyeji.

3. Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vingine vya mji vikubali kuweka picha za bure za Maniema kwenye diski moja, zishushwe mara moja kila mwezi, na kila mwanafunzi, mwandishi wa habari na chifu aje kunakili na flashi yake bila kulipa mega. Vijana wetu wenye kujua kompyuta wako tayari kuifanya ile kazi kwa kujitolea.

4. Wafadhili na inchi zinazosema zinalinda pori la Congo watoe pia picha kali za Congo kwa Wakongomani. Mtu hawezi kulinda kitu asichoruhusiwa kuona.

Hatuombi vitu vya ajabu. Tunaomba Maniema itendewe angalau kama Mars. Kule, hata jiwe lisilo na mwenyewe linaangaliwa na dunia nzima, na mtu akiona kasoro anasikilizwa. Huku, kilima kiko na wenyewe, kiko na makaburi ya babu zao, na wao njo wa mwisho kujua kilichofanyika juu yake.

Kuanzia wiki hii, wenye kutaka kujifunza kusoma hizi picha waandike majina hapa mezani. Hatutaangalia diploma. Mwenye simu aje na simu, asiye nayo aje na macho yake.

Inchi ni yetu. Na sisi tuna haki ya kuiona.