Kutoka Unahodha hadi Ukocha: Benjamin Ayimba na Kazi ya Mwalimu wa Michezo

Mada kwa walimu wa michezo, Kwamndolwa, Korogwe

1. Utangulizi

Mchezaji hodari akistaafu, watu humkabidhi timu siku hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba ukocha ni kazi nyingine kabisa, yenye kujifunzwa upya. Ushahidi wangu ni Mkenya Benjamin Ayimba, mwanaraga aliyezaliwa mwaka 1976.

2. Mchezaji

Ayimba alichezea klabu ya Impala ya Nairobi, akawa nahodha wa taifa. Alicheza raga ya watu 15 na ile ya watu 7. Hiyo ya watu 7 huchezwa kwenye uwanja uleule mkubwa, kwa kawaida dakika 7 kila kipindi. Mmoja akikosa kumkaba mpinzani, nyuma yake hakuna wa kumfutia makosa.

3. Kocha

Kwenye Kombe la Dunia la raga ya watu 7, Dubai 2009, Kenya chini yake iliitoa Fiji kwa 26-7 katika robo fainali, ikafika nusu fainali. Baadaye aliondoka kwenye timu, kisha akarejeshwa. Aprili 2016, Singapore, Kenya iliifunga tena Fiji, safari hii 30-7 katika fainali, na kutwaa taji lake la kwanza la Mfululizo wa Dunia. Mchezaji Collins Injera alikuwamo katika vikosi vyote viwili. Tuyatazame matokeo hayo: Fiji, mabingwa wa kufunga, walipata alama 7 tu kila mara. Timu hufikia hapo kwa ulinzi uliofanyiwa mazoezi pamoja.

Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio, Kenya ilipoteza mechi zote za kundi lake. Kocha hupimwa kwa safari nzima, pamoja na siku za namna hiyo.

4. Tufanye nini

Kwanza, kabla ya kumkabidhi timu mchezaji wa zamani, tumweke msimu mmoja chini ya kocha mzoefu. Pili, zoezi moja, somo moja. Kwa kuzuia, chora mraba wa hatua 10, weka washambuliaji watatu na walinzi wawili, wagusane tu bila kuangushana. Kila mlinzi ataje kwa sauti anayemkaba. Zoezi hili linafaa hata kwa mpira wa mikono na netiboli tunapojiandaa na mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA.

5. Afya ya mchezaji

Ayimba alifariki Mei 2021, akiwa na miaka 44, baada ya kuugua kwa miezi malaria iliyopanda kichwani. Jambo hili linatugusa sana hapa. Korogwe ni mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wadogo. Wanafunzi wetu wengi wameshapita umri huo, na watu wazima pia huugua.

Kwa hiyo mchezaji akija mazoezini anatetemeka au analalamika kichwa, asikimbizwe uwanjani "atoe jasho". Apelekwe zahanati akapimwe siku hiyohiyo. Kambi ya timu isifunguliwe kabla kila kitanda hakijawekewa chandarua. Naomba maazimio ya semina hii yaanze na hilo.