Kiwanja cha Ukumbi na Huduma Zake Mjini Kampala



Chama kinapokusudia kujenga ukumbi, maneno ya kwanza aghalabu huwa ni ya ramani, kuba na idadi ya viti. Habari ya kiwanja huishia kwenye bei. Lakini jengo litakalopokea watu mia tano usiku mmoja wa Maulidi au wa harusi halitegemei matofali peke yake. Lategemea pia maji, umeme, njia na watu wa kuokoa, na vitu hivyo haviongezwi baadaye kwa wepesi kama viongezwavyo viti.

Kampala ni mji wa vilima, na vilima hivyo ndivyo hakimu wa kwanza wa kila kiwanja. Maji ya mji, kwa sehemu kubwa, huvutwa kutoka Ziwa Viktoria kwenye mitambo ya Gaba, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi matangi yaliyo juu ya vilima. Muyenga imepata hata jina la utani kwa ajili ya matangi yake. Kutoka huko maji hushuka kwa uzito wake. Kwa hiyo, kadiri kiwanja kinavyokaribia kimo cha tangi, ndivyo maji yanavyozidi kuwa dhaifu bombani. Na bondeni je? Huko, kama wakazi wa Bwaise wajuavyo, mvua kubwa huingia majumbani bila hodi. Viwanja vya bondeni ni rahisi, na urahisi huo una sababu yake. Mteremko wa katikati ndio ufaao.

Katika Uganda idara ya zimamoto imo ndani ya jeshi la polisi, nayo huitwa kwa nambari 999 au 112. Tuseme imeitwa, ikaja. Gari lenye lita 4,000, likimwaga lita 400 kila dakika, hubaki tupu baada ya dakika 10. Baada ya hapo, kama hapana bomba la zimamoto karibu wala tangi uani, mashujaa wale hugeuka watazamaji kama wengine. Basi tangi la chini ya ardhi si anasa. Paa la mita 400 za mraba, likinyeshewa milimita 10 tu za mvua, hutoa lita 4,000, yaani gari zima, na mvua Kampala si haba.

Lakini gari lenyewe litapita? Vichochoro vingi vya mji huu hupitisha bodaboda vizuri sana. Lango la fahari lenye nguzo mbili zilizobanana laweza kulizuia gari la zimamoto na gari la wagonjwa kwa pamoja.

Hayo si maneno ya kutishana. Mwezi wa Aprili 2008 bweni la wasichana la shule ya msingi ya Budo liliteketea usiku, wakafa watoto karibu ishirini. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliungua nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, walipozikwa Makabaka wanne, mahali palipoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na mahali hapo hapakuondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Nyasi na miti vilipatikana tena. Watoto wa Budo hawakurudi.

Umeme hauna maneno mengi. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, mji hupata nguvu zake kutoka mto Nile, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 ugawaji wake umerudi katika mikono ya shirika la serikali; maombi yapelekwe huko. Swichi kuu ikae karibu na mlango, mahali ambapo mwokoaji ataikuta gizani. Milango ifunguke kwa nje. Kinga ya radi isisahauliwe, kwani ngurumo za pande za ziwa zinajulikana.

Kabla ya kulipa arubuni, wajumbe wawili wakitembelee kiwanja mara mbili: asubuhi, watu wote wanapochota maji, wafungue bomba la jirani, na jioni ya mvua, waende kwa lori badala ya miguu.