Toronto: Mji Usio na Mlima na Njia ya Kilomita 900

Mji wa Toronto nchini Kanada hauna mlima. Umejengwa kwenye nchi ya chini kando ya Ziwa Ontario, na kitu kirefu kuliko vyote kionekanacho humo ni kazi ya binadamu: mnara wa CN, wenye urefu wa mita 553, uliofunguliwa mwaka 1976. Wenye hamu ya kupanda hawakuuacha hivi hivi. Watu kwa maelfu huzipanda ngazi zake 1,776 kwa miguu ili kuchangisha fedha za hisani. Kwa msikilizaji aliyezaliwa Moshi au Nanyuki, huenda habari hiyo ikamchekesha.

Anayetaka kupimana nguvu na ardhi yenyewe, hata hivyo, hana haja ya kwenda mbali. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari, upande wa magharibi, upo Ukingo wa Niagara. Ni ukuta wa mawe unaoweza kumkumbusha Mwafrika Mashariki kingo za Bonde la Ufa, ijapokuwa asili yake ni nyingine kabisa: mawe haya yalikuwa sakafu ya bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Juu ya ukingo huo hupita njia ya miguu iitwayo Bruce Trail, kutoka Queenston, karibu na maporomoko ya Niagara, hadi Tobermory, kwenye Ziwa Huron. Urefu wake ni takriban kilomita 900. Vyama tisa vimegawana kazi ya kuitunza, na chama cha Toronto huangalia kiasi cha kilomita 50.

Kujiunga ni jambo jepesi. Mtu hulipa ada ya mwaka, huchagua safari inayolingana na nguvu zake, kisha hufuatana na kiongozi ambaye halipwi kitu. Hapa ipo tofauti kubwa na Kilimanjaro, ambako sheria humtaka mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, na wapagazi hubeba mizigo. Katika Bruce Trail kila mtu hubeba maji yake na chakula chake. Njia huonyeshwa kwa alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti. Alama mbili, moja juu ya nyingine, humwambia mtembeaji kwamba njia inapinda. Alama za buluu ni za vijia vya pembeni.

Jaribio lenyewe ni kuimaliza njia yote. Wachache huimaliza kwa mkupuo mmoja, kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Walio wengi ni watu wa kazi, hivyo huila kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, na huenda ikawachukua miaka. Kila kipande huandikwa katika daftari, na anayemaliza hupewa beji. Hakuna askari anayesimama njiani kuhakikisha; chama humwamini mwanachama wake.

Kuaminiana huko ndiko kulikoizaa njia yenyewe. Wazo lilitolewa mwaka 1960 na Raymond Lowes, mkaazi wa Hamilton aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma. Sehemu kubwa ya ukingo ilikuwa mashamba ya watu, basi Philip Gosling na wenzake wakaenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Wenye mashamba wengi walikubali kwa kupeana mkono tu, bila ya hati. Njia ikafunguliwa rasmi mwaka 1967, Kanada ilipoadhimisha miaka 100 ya shirikisho lake. Mwaka 1990 shirika la UNESCO liliutambua ukingo huo kuwa hifadhi ya baiolojia. Magengeni mwake imo mierezi myeupe iliyoishi zaidi ya miaka 1,000, mifupi na iliyopindapinda, ambayo mpita njia angeidhania kuwa vichaka.

Wako wasiotosheka na vilima. Hao huvuka mpaka hadi milima ya Adirondack, katika jimbo la New York, penye jaribio la vilele 46. Ndugu wawili, Robert na George Marshall, pamoja na mwongozaji wao Herbert Clark, walivimaliza mwaka 1925. Vilihesabiwa vilele vyenye futi 4,000 na zaidi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba vinne havifiki kimo hicho, lakini orodha haikubadilishwa, na pengine ni vyema hivyo. Kwa mhamiaji kikwazo si kimo. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata akiwa na ukaazi wa kudumu wa Kanada, huhitaji viza ya Marekani. Katika mji ambao, kwa sensa ya mwaka 2021, karibu nusu ya wakaazi walizaliwa nje ya nchi, hilo si jambo dogo. Bruce Trail haimwombi mtu hati yoyote.

Hatari zake zipo: barafu wakati wa baridi, na kupe waenezao ugonjwa wa Lyme wakati wa joto. Lakini linalowasumbua zaidi watunzaji ni ardhi. Bado vipande vya njia hupita katika mashamba ya watu binafsi. Shamba likiuzwa, mwenyewe mpya aweza kukataa, na watembeaji wakahamishiwa kando ya barabara ya magari. Ndiyo maana shirika la Bruce Trail Conservancy hukusanya michango na kuinunua ardhi hiyo kila inapopatikana, na ndiyo maana wanachama huhimizwa kuangalia mabadiliko ya ramani kabla ya kila safari.